Kubadili kazi ukubwani: mkataba wa uanagenzi, kukaa na fundi, au kurudi darasani?

Tuwachukue watu watatu. Wa kwanza ana miaka 38, ni karani wa hesabu, amechoka na meza na anataka kuwa fundi umeme wa majumbani. Wa pili ana miaka 29, anafundisha hisabati sekondari, na usiku huandika programu za kompyuta ambazo angependa siku moja ziwe ndizo zinazomlisha. Wa tatu ana miaka 45, na kwa miaka minane amekuwa akichomelea mageti na madirisha kila anapotoka zamu. Majirani wote wanamwita fundi. Ni karatasi tu ambayo haijamwita hivyo.

Wote wakiuliza kama waingie uanagenzi, wenye nia njema watawapa jibu moja: nenda, ujuzi hauzeeki. Ni kweli hauzeeki. Lakini anayeutafuta anazeeka, na kodi ya nyumba yake haingoji ahitimu. Mmoja kati ya hawa watatu anafaa kuingia uanagenzi, mmoja huenda akafaa, na mmoja atapoteza miaka yake bure.

Njia ninazolinganisha hapa ni nne: uanagenzi wa mkataba, kukaa na fundi bila mkataba, chuo cha kutwa, na kozi za jioni au za mtandaoni. Nitakaa zaidi kwenye mbili za kwanza. Watu huziita kwa jina moja, na kuzichanganya huko ndiko kunakowagharimu zaidi.

Kipimo: nguzo nne

Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora. Ukiivua lugha ya mikutano, maana ya uanagenzi iliyomo humo inasimama juu ya nguzo nne. Kuna mkataba. Kuna malipo, au fidia nyingine ya fedha. Mafunzo yanafanyika kazini na pia nje ya kazi. Na mwisho wake ni sifa inayotambulika.

Naona nguzo hizi ni kipimo kizuri hata kwa njia ambazo hazijiiti uanagenzi. Badala ya kuuliza njia ipi ni bora, uliza: katika njia hii ni nguzo ipi haipo, na mimi, kwa umri na mizigo niliyonayo, nitaweza kuisimamisha mwenyewe? Kijana wa miaka 18 anayelala kwa wazazi anaweza kuishi bila nguzo ya malipo kwa muda mrefu. Karani wetu hawezi. Kwa upande mwingine, karani ana akiba, anajua kusoma mkataba, na haogopi kuuliza swali mbele ya bosi. Nguzo nyingine atazisimamisha kwa urahisi kuliko huyo kijana.

| | Mkataba | Malipo | Kazini na darasani | Sifa inayotambulika |
|---|---|---|---|---|
| Uanagenzi wa mkataba | upo | yapo, madogo mwanzoni | vyote viwili | ipo, ukimaliza |
| Kukaa na fundi | neno la mdomo | hakuna, au ya kuokoteza | kazini tu | hakuna, mpaka uende kupimwa |
| Chuo cha kutwa | fomu ya usajili | unalipa wewe | darasani, na mafunzo kazini ya muda mfupi | ipo |
| Jioni au mtandaoni | hakuna | unabaki na mshahara wako wa zamani | masomo tu | inategemea sana |

Jedwali hili lisikudanganye ukadhani nguzo zina uzito sawa. Kwa anayetaka kuunganisha umeme au kuwa muuguzi, safu ya mwisho ndiyo inayoamua, kwa sababu nchi nyingi hazimruhusu mtu asiye na leseni au usajili kugusa kazi hizo. Kwa mwandishi wa programu safu hiyo ina uzito mdogo. Atakayemwajiri ataomba kuona kazi alizowahi kuandika.

Uanagenzi wa mkataba

Kwa mtu mwenye familia, huu ni ajira ya mshahara mdogo iliyoambatana na ahadi ya kufundishwa. Ahadi ikiwa hewa, unabaki na mshahara mdogo. Ndiyo maana mkataba usomwe upande wa ahadi kwanza, upande wa mshahara baadaye, ingawa macho hukimbilia huko.

Ukitaka kuona ahadi nzito inafananaje, tazama sheria ya mafunzo ya ufundi ya Ujerumani, iliyotungwa mwaka 1969 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Mwajiri hutoa vifaa vya mafunzo bure. Mwanagenzi hupewa kazi zinazohudumia mafunzo yake, kwa hiyo kumfanya mfagizi wa kudumu wa karakana ni kuvunja sheria. Malipo yake lazima yapande angalau mara moja kwa mwaka. Majaribio huwa ya mwezi mmoja hadi minne, na ndani ya muda huo upande wowote unaweza kujitoa bila notisi. Yakiisha, mwajiri hawezi kumfukuza ila kwa sababu nzito, lakini mwanagenzi aliyeamua kuiacha fani anaweza kuondoka kwa notisi ya wiki nne. Na mtihani wa mwisho hautungwi na bosi wake. Husimamiwa na chemba ya biashara au ya mafundi.

Si lazima uishi Ujerumani ili hayo yakufae. Mkataba wowote utakaowekewa mezani, upimwe kwa mambo hayo hayo. Mawili ndiyo muhimu zaidi kwa anayebadili kazi.

La kwanza ni majaribio. Kijana hutumia majaribio kumwonyesha bosi kwamba anafaa. Wewe yatumie pia kumpima bosi, na kuipima kazi yenyewe. Karani aliyeota umeme kwa miaka kumi hajui magoti yake yatasemaje baada ya wiki tatu za kupanda ngazi, wala shingo yake itasemaje baada ya siku nzima ya kufanya kazi darini. Kipindi cha majaribio ndicho wakati wa bei nafuu kabisa wa kugundua kwamba umekosea. Mkataba usio na kipindi hicho, au unaokudai fidia ukijitoa mapema, ni wa kuogopa.

La pili ni mtihani wa nje. Anayekufundisha asipokuwa ndiye anayekupa cheti, hawezi kukishikilia ili umtumikie mwaka mwingine. Zaidi ya hapo, cheti kinachotambulika nje ya karakana yake kitaenda nawe hata siku atakapofunga milango.

Muda hutofautiana sana. Ujerumani fani nyingi huchukua kati ya miaka miwili na mitatu na nusu, na mwenye elimu au mafunzo ya awali anaweza kuomba kupunguziwa. Marekani, ambako sheria ya uanagenzi ni ya mwaka 1937, programu iliyosajiliwa inayohesabu muda hutaka angalau saa 2,000 za kazi, na hupendekezwa saa 144 za masomo kwa kila mwaka. Fundi umeme huko kwa kawaida hukamilisha baada ya miaka minne hadi mitano. England muda wa chini ulikuwa miezi 12, na tangu Agosti 2025 umeshushwa hadi minane. Unapoona muda mfupi namna hiyo, uliza swali moja: baada ya miezi hii minane, naruhusiwa kufanya kazi peke yangu, au nitabaki msaidizi mwenye cheti?

Wanaoogopa kwamba uanagenzi ni wa watoto wana historia nyuma yao. Sheria ya mafundi ya England ya mwaka 1563 ilitaka mwanagenzi atumikie miaka saba au zaidi, na mijini muda huo usiishe kabla hajafikisha miaka 24. Vifungu hivyo vilifutwa mwaka 1814, lakini picha ya kijana aliyesimama pembeni ya mzee mwenye nyundo haikufutika nayo. Leo England haina umri wa juu wa kuwa mwanagenzi, na hata mwenye shahada hukubaliwa mradi anachokwenda kujifunza ni kipya kwake. Kikwazo cha umri kimebaki kwenye ngazi ya juu kabisa, ile ya kiwango cha uzamili, ambayo tangu Januari 2026 fedha zake za serikali zimeachiwa zaidi walio kati ya miaka 16 na 21. Sheria ya Ujerumani nayo haiweki kikomo.

Kwenye malipo kuna mtego ambao watu wazima huuona wakiwa wameshasaini. Uingereza, kwa mfano, mwanagenzi mwenye miaka 19 au zaidi anaweza kisheria kulipwa kiwango cha chini cha uanagenzi katika mwaka wake wa kwanza, hata kama ana miaka 38 na watoto watatu. Baada ya mwaka huo ndipo anastahili kima cha chini cha umri wake. Waajiri wengine hulipa zaidi ya sheria inavyotaka, na hilo huwezi kulijua bila kuuliza. Uliza kabla ya usaili wa pili. Hakuna aibu.

Ugumu mkubwa wa njia hii lakini si mshahara, ni kumpata mwajiri. Mlango wa chuo hufunguliwa kwa sifa na ada. Mlango wa uanagenzi hufunguliwa na mtu, na mtu huyo ana hofu zake kuhusu mwombaji wa miaka 38: atataka mshahara mkubwa, atakuwa mjuaji, ataondoka akipata nafuu. Hofu hizo hazijibiwi kwa barua ndefu inayoeleza ndoto. Karani wetu ajibu kwa vitu vinavyoonekana: ameshajisomea misingi ya saketi, ameshafanya hesabu ya matumizi yake na anajua ataishi vipi kwa malipo ya mwanagenzi, na yuko tayari kuja wiki moja ajaribiwe. Kwamba anajua kuandaa ankara na kufuatilia madeni, alitaje kidogo tu. Akilisema sana, atajikuta amepewa meza ya ofisi kwenye kampuni ya umeme, yaani karani tena, sasa kwa malipo ya mwanagenzi.

Na kuna jambo ambalo halimo kwenye mkataba wowote. Atakayekufundisha huenda ana miaka 23. Atakukatiza, atakuambia ufungue ulichofunga ufunge upya, na mara nyingi atakuwa na haki. Naamini wanaoacha njiani kwa sababu hii ni wengi kuliko wanaokiri, kwa kuwa ni rahisi kusema mshahara ulikuwa mdogo kuliko kusema nilishindwa kuamrishwa na mtoto. Kama katika kazi yako ya sasa wewe ndiye unayeamrisha, lipime hili mapema.

Kukaa na fundi

Katika sehemu kubwa ya dunia watu hujifunza ufundi kwa njia hii, na wasomi wa karatasi huidharau pasipo haki. Unamfuata fundi, unashika tochi, unapokea spana, unafungua boliti, unatumwa, na siku fundi akiwa na kazi mbili kwa wakati mmoja unaachiwa moja. Unaweza kuanza kesho asubuhi. Hakuna mtihani wa kuingia, hakuna anayekuuliza cheti cha kidato.

Kuna jambo ambalo njia hii hulifundisha kuliko nyingine zote, nalo ni biashara yenyewe. Mwanafunzi wa chuo hajui kukadiria kazi. Hajui kwamba mteja anayesema "hela si tatizo" ndiye wa kuombwa malipo ya awali, wala hajawahi kusimama kimya pembeni fundi wake akipatana bei. Aliyekaa na fundi anajua yote hayo hata kabla hajaweza kufanya kazi peke yake. Kama lengo lako ni kujiajiri, hilo si dogo.

Ubaya wake uko kwenye mwisho, yaani haina mwisho. Tazama upande wa fundi bila kumhukumu. Mwaka wa kwanza unamharibia vifaa na kumchelewesha. Mwaka wa pili unaanza kumrudishia. Mwaka wa tatu unamwingizia, na hapo ndipo sababu yake ya kukufundisha lililobaki inapokwisha: ukilijua, utaondoka na huenda ukachukua na wateja. Kwa hiyo lile gumu zaidi, kupiga hesabu ya mzigo wa umeme, kusoma mchoro, kutafuta hitilafu isiyoonekana, hubaki mkononi mwake miaka nenda rudi. Yeye si mtu mbaya. Mpango wenyewe umejengwa hivyo. Mkataba wenye tarehe ya mwisho na mtihani wa nje ulibuniwa ili kulitibu jambo hili.

Mtu mzima ana uwezo wa kulitibu kwa mkono wake, na hapa umri unamsaidia. Kabla ya siku ya kwanza, kaeni mwandike karatasi moja: kazi kumi au kumi na mbili ambazo utakuwa umezifanya kwa mkono wako mpaka mwisho, kila moja na mwezi wake; kama unalipa ada, kwamba inalipwa kwa awamu kadiri kazi hizo zinavyokamilika; na kama unafanya kazi bure, bure hiyo inakoma lini. Mafundi wengi hukubali. Asiyekubali hata kuongelea tarehe amekujibu.

Kisha isimamishe nguzo ya nne. Nchi kadhaa zina mlango wa kupima ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kenya, Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda hutahini ufundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza. Tanzania, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, hufanya urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunza kazini. Ujerumani, aliyefanya kazi ya fani fulani kwa muda wa mara moja na nusu ya muda wa mafunzo yake anaweza kuomba kukaa mtihani ule ule wa mwisho bila kupitia uanagenzi. Uswisi hutaka angalau miaka mitano ya uzoefu wa kazi. Ulizia mlango kama huo unakoishi kabla hujaanza kukaa na fundi, si baada ya miaka mitatu. Ukijua tangu mwanzo mtihani unataka nini, utajua pia ni kazi gani za kumwomba fundi akuachie, na utaanza kuweka kumbukumbu: tarehe, kazi, picha, jina la aliyeisimamia.

Chuo cha kutwa

Chuo kina sifa moja ambayo karakana haitakuwa nayo kamwe: kukosea hakumgharimu mteja. Unaweza kuunguza, kufungua, na kuuliza kwa nini mara nne. Kwa fani zenye nadharia nzito, au zile ambazo sheria inataka usajili kabla ya kugusa kazi, hakuna njia ya mkato. Muuguzi hafunzwi kwa kumfuata muuguzi mwenzake na mkoba. Hata hivyo mpaka huo umeanza kulegea: tangu mwaka 2015 England ina uanagenzi wa shahada, ambao mwajiri hukulipa mshahara huku ukisoma chuo kikuu.

Chuo hakikupi watu wa kazini. Unatoka na cheti pamoja na wenzako arobaini wenye cheti hicho hicho, na wote mnaanza kutafuta mtu wa kuwafungulia mlango, kazi ambayo mwanagenzi aliifanya siku ya kwanza. Ukichagua chuo, chagua kwa kuangalia muda wa mafunzo kwa vitendo nje ya chuo na nani hupanga nafasi hizo. Chuo kinachomwambia mwanafunzi "katafute mwenyewe" kimekupa nusu ya bidhaa.

Jioni na mtandaoni

Kwa kazi za mikono, njia hii ni ya kuonja tu. Itumie kujua kama jambo linakuvutia kabla hujaacha kazi, na kujipunguzia ujinga kabla ya usaili. Haitakufanya fundi.

Kwa kazi za kompyuta inaweza kufika mbali zaidi, lakini inakosa kitu ambacho mwalimu wetu wa hisabati atakitambua haraka: hakuna anayekusahihisha. Programu inayofanya kazi kwenye kompyuta yako chumbani ni jambo moja, kuandika pamoja na watu sita kwenye mfumo wa mtu mwingine wenye miaka tisa ni jambo jingine, na la pili halifundishwi na video. Wengi hawajui kwamba hata fani hii ina uanagenzi wa mkataba. Ujerumani iliiweka rasmi kwenye orodha ya fani za uanagenzi mwaka 1997, kwa mafunzo ya miaka mitatu.

Hesabu ya pengo

Watu hulinganisha ada. Ada ni sehemu ndogo. Linganisha pengo: unacholipwa sasa, toa utakacholipwa wakati unajifunza, mara idadi ya miezi, kisha ongeza miezi ya kutafuta kazi baadaye.

Tuseme mshahara wako wa sasa ni vipande 100 kwa mwezi. Hizi ni namba za mfano tu, weka zako. Uanagenzi wa miaka mitatu unakulipa 45 mwaka wa kwanza, 55 wa pili na 65 wa tatu. Pengo lake ni 660, kisha 540, kisha 420, jumla 1,620. Chuo cha miaka miwili hakikulipi kitu: pengo 2,400. Mwaka wa tatu unaajiriwa kama mgeni wa fani kwa 70, pengo jingine 360. Jumla 2,760, na hatujagusa ada wala miezi ya kusubiri ajira. Njia iliyoonekana ndefu imekuwa nafuu.

Sasa geuza. Chuo ni cha mwaka mmoja, na fani ina uhaba wa watu kiasi kwamba unaanza kwa 85. Pengo ni 1,200 kwa mwaka wa masomo na 360 kwa miaka miwili inayofuata: 1,560. Hapo chuo kinakaribia kushinda, na kitashinda kabisa kama ada yake haifiki vipande 60. Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yanayoamua hesabu hii, urefu wa chuo na uhakika wa ajira ukitoka. Ukiwa huna hakika na la pili, usilijaze kwa matumaini.

Na usisahau vitu vidogo ambavyo si vidogo. Vifaa ni vya nani? Bima ya afya uliyopata kupitia kazi ya zamani inaishia wapi? Michango ya uzeeni inaendelea, au inalala kwa miaka mitatu ukiwa na miaka 38?

Ningewaambia nini wale watatu

Mwalimu wa miaka 29, ningemwambia asiache kazi mwaka huu. Aendelee jioni, lakini atafute mahali pa kusahihishwa: mradi wa pamoja, likizo moja ya kufanya kazi bure ndani ya timu halisi. Akipata nafasi ya uanagenzi wa mkataba kwenye fani hiyo aichukue, kwa sababu ndicho anachokikosa. Asipoipata, kuna njia ya tano ambayo watu huipita bila kuiona, nayo ni kuhama ndani ya mwajiri wake. Shule yake inatumia mfumo wa matokeo na wa ada. Kuna mtu anauhudumia. Nusu ya kazi mpya ndani ya kazi ya zamani, huku mshahara ukiendelea, si jambo la kudharau.

Karani wa miaka 38 ndiye ambaye uanagenzi wa mkataba unamfaa hasa. Fani yake inadai leseni, kwa hiyo kukaa na fundi peke yake hakutoshi; ana familia, kwa hiyo chuo cha kutwa kitamkausha. Akikosa mwajiri wa mkataba baada ya miezi sita ya kutafuta kwa bidii, akae na fundi mwenye leseni siku za mapumziko, kwa karatasi ile ya kazi kumi, huku akisoma nadharia jioni, na akiwa ameshajua ni mtihani gani atakwenda kuufanya.

Mchomeleaji wa miaka 45 hahitaji uanagenzi. Kuingia upya mwaka wa kwanza ni kulipia mara ya pili kitu alichonacho. Aende kupimwa. Akifeli sehemu fulani, na huenda akafeli nadharia au usalama, asome sehemu hiyo tu, arudi. Kitakachomzuia si ujuzi, ni aibu ya kukaa chumba cha mtihani na vijana.

Kwa karani, kabla hajasaini, kuna ziara moja ya kufanya. Amwombe mwajiri amkutanishe na mwanagenzi wa mwisho aliyemaliza hapo, na amuulize ni lini aliachiwa kazi ya kwanza peke yake, na nani alikuwa akimfundisha, kwa jina. Jibu likiwa "kila mtu alikuwa akinifundisha", basi hakufundishwa na mtu. Kisha, akiwa tayari anaondoka, aulize kama kuna aliyeacha katikati, na kama anaweza kupata namba yake.